Kipimo cha gari kisiwe shahidi wa uongo

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Oktoba, korosho huanza safari. Hutoka mashambani Lupaso na vijiji jirani vya Masasi, hutoka juu Newala kwenye uwanda wa Wamakonde, huingia katika maghala ya vyama vya msingi vya ushirika, kisha hupakiwa katika malori kwenda maghala makuu. Hatua ya kwanza ya safari hiyo inalindwa. Mizani ya chama cha msingi hukaguliwa na Wakala wa Vipimo kwa mujibu wa Sheria ya Vipimo, Sura ya 340. Mkulima akichanganya kokoto ndani ya gunia hupewa jina analostahili. Karani akiichezea mizani, tunadai achukuliwe hatua, na tuna haki ya kudai hivyo.

Lakini gunia likishapanda lori, kipimo kinachotawala ni kingine. Ni namba zilizo mbele ya macho ya dereva: mshale unaoonyesha mwendo wa gari, na tarakimu zinazohesabu kilomita. Kwa namba hizo tunagawa mafuta, tunalipa gharama za uchukuzi, tunapanga siku ya kumwaga oili, tunajaza daftari la safari na tunamhukumu dereva. Kwa namba hizo pia dereva anajua kama anatii sheria anapopita mbele ya shule. Je, ni nani anayeuliza kama namba hizo zinasema kweli? Takriban hakuna. Kila siku katika nchi yetu magari ya umma yanabadilishiwa matairi kutoka saizi moja hadi nyingine, na kipimo kinaachwa vilevile kilivyokuwa, kama kwamba gari lingali na miguu yake ya zamani.

Makala haya yanasema kwamba desturi hiyo ni uzembe, kwamba uzembe huo unazaa dhuluma, na kwamba dawa yake inahitaji chaki, tepu ya kupimia na mtu mmoja mwenye nia.

Msimu mmoja nilikuwa Lupaso kwa kazi ya gazeti. Nilimkuta dereva wa lori la ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, ameketi chini ya mkorosho. Mfukoni mwake alikuwa na barua ya kumtaka ajieleze. Alikuwa mtu mzima, amebakiza miaka michache kustaafu. Ofisi ilikuwa imekokotoa mafuta aliyopewa, ikalinganisha na kilomita alizoandika, ikaona dizeli nyingi imepotea. Kwa lugha ya barua ile, alitakiwa aeleze kwa nini asikatwe mshahara. Kwa lugha ya watu waliokuwa wakipita, alikuwa mwizi.

Mwalimu mmoja wa hesabu wa jirani pale alimsikiliza, akaliinamia gurudumu, akasoma maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi.

"Mzee, matairi haya gari lilikuja nayo?"

"La, Mwalimu. Haya tulifungiwa mwezi wa tatu. Yale ya awali yalikuwa madogo kidogo, hayakupatikana dukani. La akiba ndilo lililobaki."

Lori lile lilikuwa limetoka kiwandani na matairi ya namba 10.00R20. Sasa lilikuwa limevaa 12.00R20 pamoja na rimu zake. Mwalimu alileta tepu ya michezo ya shule, akapima mita 100 za barabara iliyonyooka, akatia alama ya chaki kwenye tairi la mbele na nyingine chini. Lori likasogezwa polepole, mzigo ukiwa juu, naye akahesabu mizunguko. Likazunguka mara 29 na ziada kidogo. Akaomba lifungwe lile tairi la akiba, la saizi ya zamani, akarudia. Likazunguka mara 31 na robo. Kila mzunguko wa tairi jipya ulikuwa unameza karibu mita 3.4, na wa tairi la zamani mita 3.2. Wanafunzi waliokuwa wamekusanyika walielewa kabla ya watu wazima. Kipimo cha lori hakijui mita. Kinachojua ni mizunguko tu, na kiliundwa kiamini kwamba kila mzunguko ni mita 3.2.

Hapa hatuna budi kueleza ufundi wenyewe, maana wengi wetu tunaosaini madaftari ya safari hatujapata kuelezwa.

Katika magari ya zamani, yale malori ya Bedford na Leyland ambayo wazee wetu wanayakumbuka, kebo nyembamba ilitoka kwenye giaboksi hadi kwenye dashibodi. Shafti inayoendesha magurudumu ilipozunguka, meno ya gia ndogo yaliizungusha kebo hiyo. Upande wa dashibodi kebo ilizungusha sumaku ndani ya kikombe cha madini, nacho kikausukuma mshale. Kebo hiyohiyo ilizungusha vigurudumu vya tarakimu. Katika magari ya sasa kebo imeondolewa. Mahali pake kuna kihisi kinachotuma mapigo ya umeme kwa kompyuta ya gari. Ufundi umebadilika, lakini kanuni ni ileile. Gari linahesabu mizunguko ya shafti, kisha linazidisha kwa urefu ambao kiwanda kilidhani tairi litakwenda kwa mzunguko mmoja. Ukibadili tairi, umebadili urefu huo. Usipoliambia gari, gari litaendelea kuzidisha kwa namba isiyokuwepo tena.

Tufanye hesabu. Kwa lori la Lupaso, kila kilomita 1,000 zilizoonekana kwenye dashibodi zilikuwa kwa kweli kilomita 1,062. Tuchukulie lori la namna hiyo hutumia lita moja ya dizeli kwa kilomita mbili na nusu. Kilomita 62 zisizoandikwa popote zimeteketeza lita 25. Dereva hakuziiba. Alizichoma barabarani, akibeba mzigo wa ofisi hiyohiyo iliyomwandikia barua. Umbali kutoka Mtwara hadi Masasi ni yapata kilomita 200. Lori lile lingefika Masasi likiwa limehesabu 188. Kila safari limenyimwa kilomita 12, na kila safari aliyedaiwa ni dereva.

Geuza sasa upande wa pili. Lori lililotoka kiwandani na matairi ya 315/80R22.5 linafungwa ya 295/80R22.5. Mwalimu yeyote anaweza kuzisoma namba hizo ubaoni. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo. Ya tatu ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Zidisha, jumlisha, utapata kipenyo cha milimita 1,075 kwa tairi la kwanza na milimita 1,043 kwa la pili. Tofauti ni asilimia tatu. Sasa kila kilomita 970 zinazokwendwa huandikwa 1,000. Anayelipwa kwa kilomita analipwa 30 za hewa. Anayegawiwa mafuta kwa kilomita anabaki na lita 12 mkononi kila kilomita 1,000, na daftari lake ni safi kuliko la mtu yeyote. Mkaguzi akija, kila namba inakubaliana na mwenzake. Gari likienda kilomita 60,000 kwa mwaka kwa hesabu ya dashibodi, 1,800 kati ya hizo hazikupata kuwepo.

Basi tazama haki tuliyoijenga. Mwenye matairi makubwa ni mwaminifu na anaitwa mwizi. Mwenye matairi madogo anaweza kuwa mwizi na anaitwa mfanyakazi bora. Shahidi wa kesi zote mbili ni mmoja, kile chombo cha kwenye dashibodi, ambacho hakuna aliyekiapisha.

Hayo ni ya fedha. Kuna la uhai. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka mwisho wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa saa kwa magari makubwa yenye uzito unaozidi kilo 3,500. Dereva wa lori la Lupaso, mshale wake ukiwa kwenye 80, alikuwa anakwenda 85. Akikutana na tochi ya trafiki ataapa kwamba hakuzidisha, na kwa alichokiona kwa macho yake atakuwa anasema kweli. Lakini breki hazisikilizi viapo. Umbali unaohitajika kusimamisha gari baada ya kukanyaga breki hukua kwa mraba wa mwendo. Mwendo ukizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita, umbali huo unazidi kwa zaidi ya moja ya nane. Anayeteremka na tani za korosho kutoka Newala kwenye ukingo wa uwanda, au anayepita mbele ya shule wakati watoto wanatoka, anazihitaji mita hizo.

Mataifa mengine yameliona jambo hili zamani. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu vipimo vya mwendo inakataza kipimo kuonyesha mwendo mdogo kuliko ule wa kweli. Kinaruhusiwa kuzidisha kidogo tu, ili kosa likiwepo liwe upande wa usalama. Ndiyo maana viwanda huacha nafasi. Nafasi hiyo inatosha kubeba uchakavu wa kawaida, kwa sababu tairi la lori likiisha kashata hupungua kipenyo kwa asilimia mbili au zaidi. Haikuwekwa ili ibebe uzembe wa kufunga saizi nyingine. Katika nchi za Ulaya malori makubwa hufungwa chombo kinachoandika mwendo na saa za kazi za dereva. Chombo hicho hutiwa lakiri, hupimwa kila baada ya miaka miwili, na hupimwa tena mzingo wa tairi ukibadilika. Mengi ya malori hayo, yakizeeka, huuzwa kwetu. Tunanunua lori, lakini ile nidhamu iliyokuja nalo tunaiacha bandarini.

Hapo zamani tungeweza kujitetea kidogo. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilichoanza uzalishaji mwaka 1971 kilitupatia matairi ya saizi tulizozizoea, na ofisi iliweza kuagiza tairi lilelile mwaka baada ya mwaka. Kiwanda kilisimama kabla ya mwaka 2010. Tangu hapo tairi ni bidhaa ya duka, latoka pande zote za dunia, na mara nyingi tunafunga lile lililopo, si lile tunalolitaka. Ubadilishaji wa saizi uliokuwa wa nadra umekuwa wa kawaida. Kadiri hali hiyo inavyoendelea, ndivyo wajibu wa kupima unavyoongezeka. Sisi tumefanya kinyume.

Najua majibu yatakayotolewa, maana nimeyasikia.

Wa kwanza atasema: tofauti ni ndogo. Hivi mkulima wa Lupaso akipunjwa kilo tatu katika kila mia kwenye mizani, kuna kiongozi atakayesimama mkutanoni kumwambia kwamba tofauti ni ndogo? Asilimia tatu inayoitwa wizi ghalani haiwezi kuitwa bahati mbaya barabarani. Na lori la umma halitembei safari moja, wala halitembei peke yake.

Wa pili atasema: dereva mzoefu anaujua mwendo kwa sikio. Huenda. Lakini daftari la safari halijazwi kwa sikio, na mahakama haihukumu kwa sikio. Kama sikio linatosha, basi tuvunje na vipimo vya pampu za petroli, muuzaji amimine kwa kukadiria.

Wa tatu, na huyu mara nyingi ni msomi mwenzangu, atasema: teknolojia imekwisha tatua jambo hili, satelaiti zinafuatilia magari. Ni kweli kwamba mabasi ya abiria yanafuatiliwa kwa mfumo unaosimamiwa na LATRA, mamlaka iliyoanzishwa mwaka 2019, na ni kweli kwamba satelaiti haidanganywi na saizi ya tairi. Tuufurahie mfumo huo. Lakini ofisi yenye lori moja na pikipiki mbili wilayani bado inajaza daftari kwa kusoma dashibodi, na mahesabu yake ya mafuta yanatoka humo. Hata penye satelaiti, nani analinganisha namba zake na za dashibodi? Vipimo viwili visivyolinganishwa ni sawa na mashahidi wawili wasiohojiwa.

Wa nne atasema: hatuna fundi wala mtambo. Huyu ndiye wa hatari kuliko wote, kwa sababu anatufundisha unyonge. Kurekebisha kipimo ndani ya gari kwa hakika kunataka fundi: katika gari la kebo hubadilishwa gia ndogo yenye meno mengine, katika gari la kompyuta huingizwa namba mpya. Lakini kujua ukubwa wa kosa hakuhitaji mtambo. Mwalimu wa Lupaso alitumia chaki na tepu. Penye nguzo za kilomita kando ya barabara kuu, dereva na mkuu wa usafirishaji wanaweza kwenda kilomita 20 na kulinganisha. Ukishajua kosa ni asilimia ngapi, hata kabla fundi hajapatikana, unaliandika kwenye jalada la daftari, nawe unalizidisha kila mwisho wa mwezi. Hesabu hiyo hufundishwa shule ya msingi.

Lupaso ina haki ya pekee ya kutuuliza juu ya ukweli. Hapo ndipo alipozaliwa mwaka 1938 Ndugu Benjamin William Mkapa, na ndipo alipozikwa Julai 2020. Kabla hajawa Rais alikuwa mhariri wa magazeti ya Chama, na alipoingia Ikulu mwaka 1995 alichagua maneno mawili yawe mwongozo wa awamu yake: uwazi na ukweli. Tumeyarudia maneno hayo katika hotuba nyingi. Ni rahisi kuyarudia yanapohusu mambo makubwa yaliyo mbali nasi. Mtihani wake uko katika mambo madogo yaliyo mikononi mwetu, kwa mfano daftari la safari ambalo mtumishi analisaini kila siku bila kujua kama analosaini ni kweli. Mwanachama ameahidi kusema kweli daima. Ahadi hiyo haikusema kwamba tarakimu zimesamehewa.

Wala tusidhani kwamba uchukuzi ni jambo la pembeni katika mikoa ya Kusini. Mwaka 2018 Serikali ilipoamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, Jeshi la Wananchi ndilo lililopewa kazi ya kuisomba. Taifa zima lilijifunza hapo kwamba bei ya mkulima na gurudumu la lori ni vitu vilivyofungwa kamba moja. Gharama ya kila kilomita ya uongo lazima imwangukie mtu, na katika mnyororo wa korosho mtu wa mwisho, asiye na mwingine wa kumsukumia, ni mkulima.

Nini basi kifanyike? Napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti ya ziada ya kutisha.

Kwanza, kila ofisi ya umma, halmashauri, shirika na chama cha ushirika iandike katika ukurasa wa kwanza wa daftari la safari saizi ya tairi ambayo gari lilitoka nayo kiwandani, na saizi iliyofungwa sasa. Zikitofautiana, hesabu ya kosa iandikwe hapohapo na kusainiwa na mkuu wa usafirishaji.

Pili, hati ya kununua matairi isiidhinishwe ikiwa saizi imebadilika na hakuna mpango wa kupima upya. Gereji inayofunga tairi la saizi nyingine itoe karatasi ya kipimo pamoja na risiti. Tairi na kipimo viwe kazi moja.

Tatu, mikataba ya uchukuzi wa mazao ilipe kwa umbali wa barabara uliopimwa na kujulikana, kutoka ghala hadi ghala. Dashibodi ya mwenye lori isiwe mizani ya mwenye lori. Na Serikali itazame kama sheria zetu za vipimo zinaweza kukifikia chombo hiki kwa magari ya kukodi yanayolipwa kwa kilomita, kama zinavyoifikia pampu ya petroli.

Nne, na hili ndilo la haraka, mtumishi yeyote asikatwe mshahara wala kuandikiwa onyo kwa upotevu wa mafuta kabla kipimo cha gari lake hakijapimwa mbele yake. Wakaguzi wetu kila mwaka wanaibua hoja za mafuta yasiyo na maelezo. Wanafanya kazi yao, nasi tusiwalaumu. Lakini hoja ya ukaguzi ni mwanzo wa uchunguzi. Mkuu wa kazi anayeichukua tarakimu isiyopimwa na kuigeuza kuwa hukumu, huyo amejificha nyuma ya mashine.

Kwa walimu nina ombi la pembeni. Mnapofundisha mzingo wa duara, toeni wanafunzi nje. Kila kijiji kina gari, trekta, pikipiki au hata baiskeli. Mpeni mtoto chaki, apime gurudumu, akokotoe kilomita, alinganishe na dashibodi. Atajifunza hesabu, na atajifunza jambo kubwa zaidi: kwamba chombo, hata kikiwa na kioo na taa, kinaweza kuhojiwa, na kwamba raia ana haki ya kukihoji.

Dereva wa Lupaso aliandika maelezo yake siku ileile, kwa msaada wa Mwalimu. Yalikuwa mistari michache na jedwali moja: mizunguko 31 na robo, mizunguko 29 na ziada, mita 3.2, mita 3.4, kilomita zilizoandikwa, kilomita za kweli, lita. Hakukuwa na maombi ya huruma ndani yake. Aliikunja karatasi, akaiingiza mfukoni ilimokuwa barua ya kushtakiwa, akapanda lori. Kabla hajawasha moto aliuchungulia mshale wa kipimo chake, akasema, "Na wewe nawe, miezi yote hii."

Lakini mshale ule haukuwa na kosa. Ulifanya kila ulichoagizwa kiwandani. Kosa lilikuwa la waliobadili magurudumu yake bila kuuambia, kisha wakamwamini huo kuliko binadamu.